Sahani Kubwa, Sahani Ndogo

Lori la kutuhamishia kijiji cha ujamaa lilikuwa lije Jumamosi, na riale za fedha za babu, mpagazi wa misafara, zilikuwa bado zimefukiwa ndani ya chungu korongoni Ntalikwa. Mama yangu, Bi Nyamizi, alisema mara moja tu: "Mie sihami nikamwacha baba mchangani." Kwake riale zile ndizo baba.

Shimo hasa hatukulijua, ila kipande chenyewe cha korongo nilimwonyesha Pazi, Mzaramo wa reli, mtani wangu. Nilimwonyesha mwenyewe, kwa mdomo huu usiojua kufungwa.

Fakhrudin, mwenye duka Kanyenye, alituazima mashine mbili kuukuu za jeshi, za kusaka vyuma ardhini. Moja ilikuwa na sahani pana kama ungo. Ya pili kisahani tu, cha kikombe cha chai.

"Mnyamwezi umezoea mizigo," Pazi akasema. "Beba ungo."

"Na Mzaramo umezoea kubebewa. Lakini tuzijaribu kwanza."

Mchanga ule ni mweusi, umejaa chuma. Pazi akafukia riale yangu ya majaribio, nikapitisha ungo. Ukalia mpaka masikio yakauma. Zamu ya kisahani, akaifukia upya. "Geuka, mtani, usije ukachungulia!" Nikageuka. Kisahani kikanyamaza. Pazi akachokora mchanga, akanipa riale. "Si hii hapa? Kisahani kiziwi. Basi nakichukua mimi, wewe bakia na kizuri."

Mchanga wa chini ulikuwa umeloa, wa baridi. Riale ilikuwa na joto. Nikacheka, nikaitia mfukoni.

Siku tatu ungo ulililia kila kokoto, nami nikachimba kama muhanga. Ijumaa asubuhi nikakuta shimo moja, dogo, lisilo langu. Ndani yake vigae vya chungu.

Nilimkuta Pazi stesheni, kichwa nje ya dirisha la treni ya Dar.

"Mtani! Ungo husikia mchanga wote kwa mpigo, ndiyo maana unapayuka. Kisahani husikia kidogo, lakini kinasikia."

"Hukuifukia ile riale. Ilikuwa mfukoni mwako."

"Utani huo! Mtani akichukua kuku wako unanuna?"

"Kuku sinuni. Huyo ni babu yangu, Pazi."

Akanitupia riale moja, treni ikaondoka. Ilikuwa na joto lile lile.

Jumamosi, juu ya lori, nikaiweka kiganjani mwa mama.

"Na zile nyingine?"

"Kachukua mtani."

Lori zima likacheka, maana kwetu mtani akichukua, unacheka. Hata mimi nilicheka.

Mama akafunga kiganja, akaomba ashikwe mkono, akashuka.