Mkono wa Shemeji na Injini ya Tatu

Kwa maneno ya shemeji, safari ilikuwa imeshaanza, ingawa ndege haikuwa imesogea hata hatua moja. Milango imefungwa, injini mbili zinanguruma. Dada yangu, abiria pekee, kakaa nyuma ya mumewe kwenye kiti cha jikoni, kavaa gauni la kwendea harusini, mkoba mapajani. Mimi nimeegemea mlango wa chumba na begi langu miguuni, maana nami nilikuwa njiani. Mimi huwa njiani siku zote.

Ndege yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta. Ya zamani, ya injini nne za pangaboi, aina ileile ambayo shemeji aliifanyia ufundi miaka thelathini, chini kwenye lami ya uwanja wa ndege. Alipokuwa anamchumbia dada alimwahidi kumpandisha. Ndege zikastaafishwa, fundi akastaafu, mchumba hajapanda. Mwaka huu binti yao akamletea baba huo mchezo wa marubani, naye akausimika juu ya meza ya cherehani ya dada. Cherehani ikahamia chini ya kitanda.

Jumamosi tatu mfululizo injini ya tatu ilikuwa imegoma. Ya nne hawakuwahi hata kuifikia. Jumamosi hii dada alisema hana ugomvi na mtu: ikiwaka, meza ni ya ndege, isipowaka, cherehani inarudi mezani kabla ya chakula cha mchana. Shemeji akakubali, ila nilimwona anaipapasa ile meza kama mtu anayeaga.

Akabonyeza stata. Pangaboi likazunguka, likakohoa, likasimama. Akasema mafuta hayajafika, akaongeza. Likazunguka, likasimama. Akasema sasa yamezidi. Dada akauliza kwa upole kama abiria hupewa chai wakisubiri. Shemeji akafungua daftari lake la kazini, bado lina madoa ya grisi, akasoma ukurasa mzima kwa sauti, akajaribu tena. Kimya. Dada akatoa futi ya kupimia nguo mkobani, akaanza kupima meza.

Mimi shule nilisoma kipande hapa, kipande kule, lakini nimelala kwenye malori mengi mabovu, na nimejifunza kumtazama fundi mikono. Mkono wa kulia wa shemeji ulikuwa kwenye stata. Wa kushoto ukapanda wenyewe, taratibu, kama paka anayenyemelea samaki wa watu, ukazima swichi ya cheche. Na bila cheche, mwaga mafuta pipa zima, injini haiwaki.

"Shemeji," nikamwambia, "unaizima mwenyewe."

Akakana, akasema mkono wake anaujua kuliko mimi. Nikamwomba arudie huku akiutazama. Akarudia. Ukapanda. Akabaki kuuangalia kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Kisha akaonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Mbele ya injini ya tatu alisimama mtu wa uwanjani, kashika mtungi wa kuzimia moto.

"Yule yuko karibu mno na pangaboi," akasema.

"Ni picha, shemeji."

"Hata mimi, nilipokuwa nasimama pale chini, marubani waliniona picha."

Dada akaacha kupima. Akasogeza kiti chake mbele, akaukamata ule mkono wa kushoto.

"Mimi abiria mwoga, bwana," akasema. "Nishike. Endelea."

Injini ya tatu ikapiga chafya ya moshi, ikawaka. Mtu wa mtungi hakupata hata mkwaruzo. Ya nne ikawaka mara moja, kana kwamba ilikuwa inangoja kualikwa tu.

Waliruka saa nne na robo, wakatua kwenye shamba la mahindi, wote wazima. Meza ikabaki ya ndege. Shemeji alimtengenezea dada nyingine, ina mguu mmoja mfupi, imewekwa dirishani. Mkono wa kushoto haujaacha tabia, kwa hiyo dada husafiri kila Jumamosi ili aushike. Mtu wa mtungi yuko palepale. Mimi nilikosa basi la asubuhi, nikapanda la mchana, nikafika nilikokuwa nakwenda, nikakaa wiki mbili, nikaondoka.