Wakili wa Meza Nzima

Simu iliita Mize akiwa amemgeuza mzee Ethan ubavu, mkono mmoja umemshika bega na mwingine unavuta shuka iliyoloa. Aliipokea kwa kidole kidogo, akaiweka spika, akaiegemeza kwenye makopo ya dawa juu ya kabati. Mzee alinung'unika baridi. Ilikuwa saa moja asubuhi, Falls Church, na Mize alikuwa ameshapanda mabasi matatu tangu alipotoka kwake Langley Park.

"Ni Nyaguthii hapa," ilisema sauti ya mwanamke. "Yule wakili. Serah alinipa namba yako. Unaweza kuongea?"

"Naweza, mwanangu. Nipo kazini, lakini naweza."

Serah alikuwa mwenzake wa zamu ya usiku kwa mzee huyo huyo, Mkenya asiyejua kunyamaza. Yeye ndiye aliyemwambia kwamba nchi hii mnunuzi wa nyumba anajichagulia mwenyewe wakili wa kushughulikia hati. Mnunuzi, si dalali. Mize hakuwa akilijua hilo. Miaka kumi na tisa Marekani, na kila karatasi aliyowahi kusaini alionyeshwa tu pa kuweka jina.

"Nimeangalia hiyo agreement ulinitumia," Nyaguthii alisema. "Nyumba inauzwa na kampuni. Kampuni iliinunua miezi minne iliyopita kwa kijana mmoja aliyeachiwa na baba yake. Sasa mimi nataka kujua huyo marehemu alikuwa na watoto wangapi. Kuna mtu amekuambia?"

"Hapana."

"Na umeuliza?"

Mize alikuwa akimpaka mzee mafuta mgongoni, pale ngozi ilipoanza kuchubuka. "Dalali ni mwanetu," alisema. "Mtoto wa dada yangu."

"Sawa. Na huyo wakili wa kufunga mauzo?"

"Amenitafutia yeye."

Sasa Nyaguthii alizungumza polepole. "Mama, nipe wiki mbili nitafute hizo records. Kabla ya hapo usi-sign kitu. Na ukilazimika kwenda, muulize huyo wakili swali moja tu, mbele ya wote. Muulize anamwakilisha nani."

Ghalib, huyo dalali, hakuwa mtoto wa dada yake wa damu. Mize alifiwa na mama yake akiwa na miaka sita, na jirani yao wa Kikwajuni, Da Zuwena, alimchukua, akamlaza kitanda kimoja na wanawe, akamsuka, akamsomesha, hata akamwoza. Hakuna siku aliyomkumbusha. Ghalib alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile, na Mize alimbeba mgongoni. Sasa alikuwa na shati la kupigwa pasi na kadi za biashara, na Waswahili wa Maryland na Virginia wakitaka nyumba humpigia yeye. Kwenye misiba ndiye anayeleta maji ya chupa.

Jumatano jioni alikuja Langley Park. Nje mashine za kujenga reli zilikuwa zikichimba, na vikombe vilitetemeka kabatini. Mwenye jengo alikuwa ameshawapa notisi: mwisho wa mwezi watoke, vyumba vitatengenezwa, na atakayetaka kurudi atarudi kwa kodi mpya. Kodi hiyo Mize aliisoma mara mbili, akaikunja karatasi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mize alimweleza habari ya wiki mbili alizoomba Nyaguthii. Ghalib alisikiliza huku akikoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

"Ijumaa ndiyo siku ya kusaini," alisema. "Ikipita, muuzaji ana mtu mwingine, ana cash mkononi. Halafu wewe utakwenda wapi mwisho wa mwezi?"

Safa, binti wa Mize, husikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Alisema kutoka kwenye kochi, ambalo ndilo kitanda chake, kwamba mtu akiharakishwa namna hiyo ndipo anapotakiwa kusubiri. Ghalib hakumtazama.

"Mama mdogo, una mashaka na mimi?"

"Sina, baba. Nauliza tu."

"Maana mama ameshawaalika watu Ijumaa waje kukuombea dua. Nitamwambia nini? Kwamba umepeleka karatasi zangu kwa watu baki wazikague?"

Aliinywa chai yote na kusema ni tamu.

Ijumaa Mize alikwenda. Ofisi ya wakili aliyetafutwa na Ghalib ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Meza ilikuwa ndefu, na mbele ya kiti cha Mize palikuwa na rundo la karatasi lenye vibandiko vya njano vinavyotoka pembeni. Wakili, Tobias, alizaliwa Bukoba na kukulia Maryland. Alikuwa mchangamfu, akasimama kumsalimia, akamvutia kiti. Mtu wa kampuni iliyouza hakuwepo. Alikuwa ameshasaini zake, Tobias alisema.

Ghalib aliegemeza simu yake kwenye birika la kahawa. Kwenye kioo akatokea Da Zuwena, amejifunika buibui, chetezo kinafuka moshi mbele yake, na nyuma wanawake watatu wameketi mkekani wakisubiri. Kule Unguja alasiri ilikuwa inakwisha.

"Mdogo wangu," Da Zuwena alisema, na machozi yakamlenga papo hapo. "Leo unapata kwako."

Mize naye alilengwa na machozi. Kisha akakumbuka, akaweka kalamu chini.

"Samahani, wakili. Nina swali."

"Uliza, mama."

"Wewe unamwakilisha nani?"

Ghalib alitazama dirishani. Tobias hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu kama aliyeulizwa choo kiko wapi.

"Swali zuri. Mimi simwakilishi mtu. Mimi ni wakili wa meza nzima." Alivuta karatasi kutoka katikati ya rundo, akaisogeza mbele yake. "Iko hapa imeandikwa. Inasema mimi si wakili wako, na umeelewa hivyo. Uta-sign hapa chini."

Swali lake lilikuwa na fomu yake tayari, na kibandiko cha njano.

"Na hii inasema Ghalib ana hisa kidogo kwenye kampuni yetu hii ya hati, tunalazimika kukuambia. Sign. Hii ni bima ya hati ya benki, akitokea mtu kuidai nyumba; ni lazima, umeshailipia. Na hii ni bima ya hati yako wewe. Hiyo ni hiari."

Mize aliinama. Kwenye kisanduku cha kukataa alama ilikuwa imeshapigwa, kwa mashine.

"Nimekupunguzia gharama, mama mdogo," Ghalib alisema.

"Nilikuwa nataka kujua," Mize alisema, "yule marehemu alikuwa na watoto…"

"Kuna nini?" Da Zuwena aliuliza kwenye simu. "Mbona mmenyamaza?"

"Mama mdogo ana maswali, mama."

"Maswali ya nini?"

Wale wanawake wa mkekani waliinua nyuso. Mmoja wao Mize alimjua, walisoma chuo kimoja cha Kurani. Da Zuwena alisogea karibu na simu mpaka likabaki jicho na kipande cha shavu, lile shavu ambalo Mize alililalia usiku aliofiwa. Lilikuwa limezeeka sana. Tobias alitazama saa yake.

"Hakuna kitu, Da Zuwena," Mize alisema. "Kalamu ilikuwa haiandiki."

Akasaini. Alisaini kibandiko baada ya kibandiko, na kila alipofungua ukurasa wanawake wale waliitikia amin.

Nyumba ilikuwa Riverdale, ndogo, ya matofali, na Safa alipata chumba chenye mlango wa kufunga. Wiki ya kwanza Mize aliamka alfajiri bila sababu, akatembea vyumba vyote peku, akagusa kuta. Alifurahi mpaka akaona haya. Da Zuwena alimtumia kwa msafiri fremu ya Ayatul Kursi ya kutundika juu ya mlango wa mbele, kwa nje, wapitao waione.

Siku ya kumi na moja Nyaguthii alipiga simu. "Walikuwa wawili," alisema. "Yule kijana ana dada, anaitwa Jacqueline, yuko Ohio. Hakuna mahali ame-sign." Kisha akauliza, "Mama, ulingoja?"

Wiki ya sita mtu wa sherifu alibandika karatasi ya mahakama mlangoni kwa utepe wa gundi wenye upana wa kidole. Safa aliisoma akiwa amesimama ngazini, mara mbili, midomo ikicheza. Jacqueline alikuwa anadai nyumba ya baba yake. Chini, kwa herufi kubwa, waliandika karatasi isibanduliwe.

Mize alipanda tena ghorofa ya pili, juu ya magodoro. Tobias alimpokea akiwa amesimama.

"Benki haina shida," alisema. "Ina bima."

"Na mimi?"

Alifungua jalada, akamwonyesha kile kisanduku. "Uli-waive, uliikataa mwenyewe."

"Alama niliikuta imeshapigwa."

"Lakini initials ni zako."

Zilikuwa zake. M na S, zimeinama kidogo.

"Basi nisimamie wewe," Mize alisema. "Uliyaona yote. Nitakulipa."

"Siwezi, mama, pole sana. Kampuni iliyokuuzia ni client wangu, toka zamani." Alisema kwa upole, akamshikia mlango. Ghalib siku hiyo hakupokea simu. Jioni alituma sauti fupi: walikuwa wote wameumia, mama mdogo asubiri, na marejesho ya benki asiache kulipa maana hayo hayahusiani.

Jumamosi Da Zuwena alipiga simu ya video. Alikuwa anapumua kwa shida, presha ilimsumbua wiki nzima, na alitaka kuonyeshwa nyumba. Mize alimwonyesha jiko. Akamwonyesha chumba cha Safa, bafu, maji yanavyotoka ya moto.

"Na aya yangu uliitundika wapi? Nionyeshe mlango."

"Kuna jua kali, Da Zuwena. Hutaona."

"Nionyeshe, mdogo wangu. Huenda nisiione tena."

Mize alitoka nje, akaufunga mlango nyuma yake. Aliinua simu juu, na mkono mwingine akaulaza juu ya ile karatasi ya mahakama, vidole vimetanuka kufunika maandishi makubwa. Pembe moja ilibaki nje, akaifunika kwa kiwiko.

"Mashaallah," Da Zuwena alisema. "Imekaa vizuri. Na huo mkono umeshika nini?"

"Nimeegemea tu. Miguu imechoka."

"Pole, mama. Sasa umefika kwako, utapumzika." Akafumba macho, akainua viganja vyake vyembamba, akaanza kumwombea Ghalib, aliyemshika mama yake mdogo mkono mpaka akampatia nyumba. Dua ilikuwa ndefu. Mize alisimama ngazini na mkono wake mlangoni mpaka mwisho, akaitikia amin.