Barua ya Mume

Kisyeri hakuanza na Agustina. Alianza na vidonge. Alivimwaga juu ya jiwe ambalo Agustina hupondea mawe ya dhahabu, akachukua nyundo ya Agustina mwenyewe, akaviponda mpaka vikawa unga mweupe juu ya vumbi jekundu. Ndipo akageuka.

"Umeniletea ukimwi, halafu unaniita kwa barua," akasema, akampiga ngumi ya shavu.

Agustina alianguka. Mimba ya miezi saba haina wepesi. Alijikunja akalikumbatia tumbo, mgongo akamwachia aupige atakavyo. Na aliupiga. Aliupiga mateke kwa buti la shimoni, akaupiga kwa mpini wa nyundo, na kwa kila pigo alihema kama mtu anayechimba. Ua wa pili wanawake waliendelea kuponda mawe yao, ko, ko, ko, kana kwamba hawasikii. Walisikia sana. Huku kwetu upande wa Nyamongo, tangu dhahabu iwatie watu wazimu, mwanamke kupigwa asubuhi ni kama jogoo kuwika.

Kisyeri alipochoka aliitupa nyundo, akaenda zake shimoni. Mlangoni alikuwa amesimama Weisiko, mume wa Agustina.

Ndiyo, mume. Weisiko ni bibi wa miaka sabini. Alizaa mabinti watupu, wote wakaolewa, boma likabaki bila wa kulirithi. Akafanya wanavyofanya Wakurya tangu zamani: akatoa ng'ombe kumi na wawili, akamwoa Agustina. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu. Watoto ni wa Weisiko, na mwanaume wa kuwazaa hutafutwa tu, hana boma wala neno. Huyu Kisyeri alitafutwa na Weisiko mwenyewe, kwa kumpendea mabega. Baadaye Kisyeri akaanza kuleta viroba vya mawe, nyama ikaonekana chunguni, na kila alipompiga Agustina, bibi alikumbuka kazi ndani ya nyumba. Miaka mitatu alikuwa na kazi ndani ya nyumba. Ni aibu, na aliijua.

Leo alitoka.

"Kaponda nini?"

"Dawa, mama. Za virusi. Walinipima kliniki. Nikimeza kila jioni saa kumi na mbili bila kuacha, mtoto anaweza kuzaliwa mzima."

Weisiko aliliokota kopo la vidonge. Ndani kulikuwa na kipande cha pamba.

"Na hii?"

"Ili lisilie nikilibeba. Nilikuficha hata wewe."

"Maradhi umeyatoa wapi?"

"Mlango wangu anaupita mmoja tu, na unamjua."

Bibi alikaa kwenye jiwe, karibu na ule unga mweupe.

"Basi nimekupa mimi," alisema. "Nilikuchagulia mimi mwanaume huyu."

Halafu akamfunga Agustina kanga chini ya tumbo, akashika fimbo yake. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa mguu wa mzee, na jioni haimsubiri mtu.

Nesi Justa, aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu. Ukutani alibandika karatasi: mama aliyekuja na mume anahudumiwa kwanza, aliyekuja peke yake asubiri mwisho. Alitaka wanaume nao wapimwe. Nani atapinga? Ila hakuna aliyemwambia ni wanawake wangapi walisoma ile karatasi wakageuza njia.

"Agustina, nilikupa barua ya mume," alisema. "Yuko wapi?"

"Huyu hapa."

Benchi zima likacheka. Justa naye alikaribia kucheka, mpaka alipoliona shavu.

"Shikamoo, bibi. Mimi namtaka baba wa mtoto."

"Marahaba. Kwenye barua uliandika baba wa mtoto, au uliandika mume?"

"Mume."

"Mume ni mimi. Ng'ombe nilitoa mimi, ukoo mzima unajua." Akamgeukia Agustina. "Barua yangu ulimpa nani?"

Agustina alitazama miguu yake. "Kisyeri. Nilijua nesi anataka mwanaume."

"Akaisoma," Weisiko alimwambia Justa, "akapekua nyumba, akalikuta kopo. Mgeuzie mgongo, mwanangu. Inua blauzi, aone barua yake ilivyojibiwa."

Agustina aliinua blauzi. Justa aliwaingiza ndani, akafunga mlango. Alimlaza Agustina, akaweka sikio kwenye kile kipima mapigo cha mti, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Moyo wa mtoto unapiga," alisema. Kisha akasema, "Sikukuuliza kama nyumbani kwako kuna usalama. Hilo lilitakiwa kuwa swali la kwanza."

"Muulize sasa," alisema Weisiko.

Akauliza. Agustina akasema yote, hata yale ya usiku, na bibi aliyasikiliza bila kutoka nje. Justa akaandika fomu ya kupeleka polisi, akampa kopo jipya. Agustina, kwa mazoea, akaomba pamba.

Weisiko alinyoosha kidole juu ya meza. "Umesema mume apimwe. Pima."

Justa alimtazama, akafungua sindano mpya. Walipotoka, Justa aliibandua ile karatasi ukutani, akaikunja.

Kisyeri aliwasubiri uani, amekaa juu ya jiwe, ananuka gongo.

"Mmeenda kunitangaza."

"Ulikaribishwa," alisema Weisiko, "sasa nimekufukuza. Toka bomani kwangu."

Kisyeri alicheka. Alimnyang'anya fimbo, akampiga nayo mkono, na mfupa ukasikika ukikatika. Bibi alikaa chini, ameushika mkono. Kisyeri akamrukia Agustina, akamshika nywele, akainua goti kulielekeza tumboni.

Nyundo ilikuwa pale pale ilipotupwa asubuhi. Agustina ameponda mawe miaka tisa, anajua jiwe hupasukia wapi. Hakurusha ovyo. Aliishika kwa mikono miwili, akaipiga kwenye goti lile lile lililomjia. Kisyeri aliachia nywele, akaanguka juu ya unga wa vidonge, akalia kama mtoto. Agustina akaipiga tena. Ya tatu aliinua, akaona tumbo lake limekaza, akaishusha taratibu.

Kisyeri alijikokota mpaka nje ya ua. "Nitarudi," alisema. "Nitawamaliza wote wawili." Hakuna aliyemwona ni mtu wa mzaha.

Ua wa pili nyundo zilikuwa zimenyamaza.

Agustina alimfunga bibi mkono kwa kanga. Kivuli cha nyumba kilipofika kwenye jiwe, Weisiko aliomba kopo. Alilibana kati ya magoti, akafungua kifuniko kwa mkono uliobaki, akaichomoa pamba kwa meno, akaitema. Kisha akafunga, akasimama mlangoni, akalitikisa kopo juu ya kichwa chake, kwa nguvu, kama njuga za ngoma.

"Agustina," aliita, na ua wote ukasikia. "Dawa."

Kule chini njiani, mtu aliyekuwa akiburuta mguu alisimama kusikiliza.