Mbwa wa Kila Mtu

Baba alitupa funguo sakafuni. Hazikumponyoka, alizitupa kwa nguvu, shada zima la funguo za nyumba, juu ya saruji iliyokuwa bado na unyevu wa kudekiwa, na mlio wake ulinishtua hata mimi. Watoto wa mbwa walitawanyika. Wawili walijificha nyuma ya mama yao, mmoja akajikojolea palepale. Baba, ambaye asubuhi ile nilimvalisha soksi kwa sababu hakuweza kuinama, alikuwa amepiga magoti bila kushikwa na mtu, amekaza macho, anangoja.

"Usiseme kitu," aliniambia. "Waache waseme wao."

Kwa wiki kadhaa alikuwa hajaniambia chochote zaidi ya "ndiyo", "hapana" na "nimeshiba". Nilisimama pale kwenye banda la watu nikiwa na mkoba kifuani, nikafikiri: amerudi. Nilitamani hata kumpigia daktari simu nimsute.

Maisha yake yote baba alikuwa askari wa mbwa. Alilinda maghala ya watu, yeye na mbwa mmoja, na mbwa huyo akizeeka alipewa mwingine. Nimekua na mbwa nyumbani bila kuwahi kumiliki mbwa. Sikuruhusiwa kuwapa chakula, wala kuwaita, wala kuwakuna masikio, kwa sababu kazi ile ina sheria yake: bakuli hutoka mkono mmoja. Mbwa wa kazi akilishwa na kila mtu, huwa wa kila mtu, na mbwa wa kila mtu humfungulia mwizi geti. Kwa hiyo nilikuwa nakaa kwenye ngazi nikimtazama baba akichanganya wali na mifupa, na lile dude la mgongo mweusi likimtazama kana kwamba duniani hakuna mwingine. Nilimwonea wivu. Hata sasa sijui kama nilimwonea mbwa au baba.

Halafu akastaafu, mama akafariki, nyumba ikabaki na mimi, yeye, na cherehani yangu. Nilikuwa nashona sare za shule sebuleni. Baba aliniita Sajini kwa sababu ya amri zangu: vaa sweta, kunywa dawa, usikalie vitambaa vya watu. Tuliishi hivyo, tukitaniana, mpaka macho yake yalipoanza kuwa ya njano.

Daktari hakutuficha. Alituita wote watatu, mimi, baba na kaka yangu, akasema ini limekwisha kazi na lililobaki ni kumtunza. "Mpeni anachokipenda," alisema. Kaka yangu, ambaye akili yake huanzia tumboni, alielewa nyama. Mimi nilielewa mbwa.

Sikuwa natafuta mbwa wa kumliwaza. Niseme ukweli wangu: nilitafuta mbwa wa kumzuia. Nilijiambia kwamba mtu mwenye mtoto wa mbwa hawezi kuondoka tu, maana nani atamfundisha kukaa, nani atamfundisha kunyamaza? Baba hakuwahi kuacha kazi katikati. Nilitaka nimpe kazi ndefu.

Ila mbwa wa mbegu safi si kitu cha kuokota. Dukani niliambiwa bei ambayo ungedhani mbwa anakuja na nyumba yake. Sokoni nikaletewa mmoja ndani ya kapu, bei poa kabisa, mgongo mweusi tititi. Nikalowesha leso yangu, nikampangusa, leso ikatoka nyeusi na mbwa akabaki wa kahawia. Muuzaji alinitazama bila aibu hata chembe. "Dada, hiyo rangi inatoka siku ya kwanza tu," alisema. Nilicheka njia nzima, kisha nikafika nyumbani, nikamkuta baba amelala na kanzu ya jana, na kicheko kikaniisha.

Ndipo mteja mmoja akanielekeza kwa Mama Watoto. Alikuwa mkunga mstaafu, hakujaliwa mtoto hata mmoja, na jina hilo majirani walimpa kwa sababu ya mbwa wake. Kwenye simu alinihoji kuliko nilivyomhoji mimi. Nyumba ina uzio? Nani anashinda nyumbani? Mwishowe akataja bei, na ilikuwa bei ya mtu mwenye haya, ambayo mimi wa kushona sare ningeiweza bila kuuza cherehani.

"Bei yangu ni moja, haina kaka wala dada," alisema. "Na simuuzii mtu nisiyemwona. Mlete huyo mzee."

Kaka alitupeleka kwa gari lake la mikate. Baba alikaa mbele, amejikunyata, mlango ukigongana na bega lake kila tulipopita shimo, na hakuuliza tunakwenda wapi. Mpaka Mama Watoto alipofungua geti na mbwa jike mkubwa akatoka nyuma yake taratibu, bila kubweka. Hapo baba akavua kofia.

Hakutazama watoto kwanza. Alimtazama mama yao, alivyosimama, alivyotembea, miguu yake ya nyuma. Akamwomba Mama Watoto aondoke kidogo aone jike atafanya nini peke yake na wageni. Jike alikaa kati yetu na watoto wake, hakunguruma, hakuondoka. "Huyu ni mbwa," alisema baba, na Mama Watoto, aliyekuwa akirudi, akatabasamu kama mtu aliyesifiwa mapishi yake. Kisha ndipo baba akapiga magoti, akatupa funguo.

Mmoja hakukimbia. Alikuwa dume, mwenye miguu minene kama ya kuazima, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alizitazama funguo. Akamtazama aliyezitupa. Akaja polepole akipita ndani ya mkojo wa ndugu yake, akazinusa, kisha akaziacha akaenda kukaa juu ya kiatu cha baba. Alikaa tu, mgongo wake umeegemea muundi wa mguu wa baba, anatutazama sisi wengine kana kwamba sisi ndio wageni na yeye na mzee ndio wenye nyumba.

"Amekuchagua," alisema Mama Watoto.

Niliona mkono wa baba ukishuka. Nilimwona anavyotaka. Vidole vyake vyembamba, vyenye kucha za njano, vilifika juu ya kichwa cha yule mtoto, vikabaki hewani. Kisha akaurudisha mkono mfukoni.

"Huyu muuzie kijana," alisema. "Mtu mwenye miaka mbele yake." Akaelekeza kidevu upande wa pili, ambako kijike kimoja kilikuwa kinalamba viatu vya kaka yangu, kikaja kulamba vyangu, kikarudi kumlamba Mama Watoto, kikakamata pindo la sketi yangu na kuanza kulivuta. "Tunachukua yule."

Nilipandwa na hasira. "Baba, yule ni wa kila mtu! Hata mimi naona."

"Ndiyo, Sajini. Ni wa kila mtu."

"Wewe mwenyewe ulisema mbwa wa namna hiyo hafai."

"Kwa ghala hafai."

Mama Watoto alimtazama baba kwa muda, macho ya mtu aliyewahi kukaa na wagonjwa wengi. "Bei yake ni ileile," alisema kwa upole. "Mama yao mmoja."

"Ni haki yako," baba akajibu, na ilimchukua muda mrefu kuinuka.

Tulirudi na kijike kimelala ndani ya kreti la mikate, kaka akinung'unika kwamba kesho wateja watakula manyoya. Tulipofika karibu na nyumbani ndipo nikakumbuka jambo la utotoni, na nikatamani nisingekumbuka. Mwenzake baba mmoja, askari wa ghala la jirani, alifariki ghafla. Mbwa wake aligoma kula. Walimjaribu wote, mmoja mmoja, na baba naye alimpelekea bakuli. Mbwa aligeuza uso akalaza kichwa kwenye mlango ambao mwenye mkono wake alikuwa akiingilia. Kampuni ikamwita daktari wa mifugo na sindano yake. Siku hiyo baba alirudi, akakaa nje na buti zake, akamwambia mama, mimi nikisikia: "Tunawafundisha kutupenda sisi tu, halafu tunakufa."

Niliitazama shingo yake kwenye kiti cha mbele. Ilikuwa imekonda sana. Niligeukia mikate nikalia kimyakimya, kwa sababu nilielewa kwamba yeye alikwenda kule akijua anamnunulia nani.

Nyumbani alinipa bakuli. "Wewe tu," alisema. "Mimi usinihesabu." Alikataa hata kumpa jina, akasema mwenye mbwa ndiye hutoa jina, basi nikamwita Pindo. Alinifundisha kila kitu kutoka kitini kwake: namna ya kusimama, sauti ya kukataza, jinsi ya kungoja mbwa akutazame kabla hujaweka chakula chini. "Usimbembeleze, Sajini. Si mteja huyo." Nilikosea, akanicheka, nikapatia, akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikuwa kusifia. Lakini Pindo akimkaribia, baba alivuta miguu. Akiwekewa pua gotini, alitazama dirisha.

"Mguse tu, baba," nilimwambia siku moja. "Mara moja haitamharibu."

"Huwajui mbwa," akajibu.

Kuna mchana mmoja nilirudi mapema kutoka kupeleka sare. Mlango ulikuwa wazi. Nilimkuta kitini kwake, na Pindo amekaa mbele yake, ameinua uso, mkia unafagia sakafu. Mikono ya baba sikuiona. Nilipoingia vizuri nikaona kwamba ameikalia, yote miwili, chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa sukari.

"Mikono imekwenda wapi?" nikauliza.

"Nimeipa likizo," alisema. Alikuwa anatabasamu, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alifariki asubuhi, mvua ikinyesha, kaka amemshika mkono mmoja na mimi mwingine. Nyumba ikajaa watu. Walisogeza cherehani yangu, wakakunja vitambaa vya wateja bila mpangilio, wakapika, wakaimba, wakanikumbatia watu nisiowajua. Mtu alimfungia Pindo ua wa nyuma ili asiwasumbue wageni, nami nikamsahau mpaka jioni.

Nilitoka na bakuli lake. Alikuwa amelowa. Nilingoja anitazame, kama nilivyofundishwa, kisha nikaliweka chini, nikachuchumaa ukutani. Wacha niseme nilichokuwa nakitaka: nilitaka agome. Nilitaka ageuze uso, alaze kichwa mlangoni, alie hata kidogo, ili pawe na mtu mwingine katika nyumba ile ambaye alikuwa na baba mmoja tu.

Pindo alikula. Alikula kwa furaha, mkia unamcheza, akamaliza nyama, akamaliza wali, akalisukuma bakuli mpaka ukutani akililamba. Kisha akaja kuniangalia kama kuna zaidi.

Kaka alichungulia mlangoni, macho mekundu. "Amekula?" aliuliza.

"Amekula chote," nikasema.