Mfungo wa Kalekye

Saa tatu kamili asubuhi Ndunge alikuwa mlangoni pa ukumbi wa mitihani, kalamu mbili mkononi. Ilikuwa karatasi ya takwimu, ile ile aliyoiacha tupu mwaka jana, si kwa kutosoma bali kwa hofu. Akianguka tena, anarudia mwaka mzima.

"Karatasi hazijachapishwa," afisa wa mitihani akatangaza bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Rudini saa nane."

"Saa nane? Na mbona hamkutuambia?"

"Wewe msichana, si ushukuru umeongezewa muda wa kusoma?"

Kusoma nini! Herufi zilikuwa zikimruka machoni. Akaenda kwa mshauri wa wanafunzi, akapata karani na fomu. Nafasi ya karibu ilikuwa mwezi ujao, mitihani ikishaisha. Jamani, hofu nayo hupangiwa foleni?

Lakini kilichomkaba zaidi kilikuwa nyumbani, Zombe. Jumapili mamake, Kalekye, alisimama kanisani akaahidi kwamba hatatia chakula kinywani tangu usiku wa kuamkia mtihani mpaka Ndunge atoke. Na ni mgonjwa wa sukari huyo, mtu wa kumeza dawa! Alifanya kwa mapenzi, nani atamlaumu? Ila kila Ndunge akifungua daftari, alimwona mamake ameketi kando ya sufuria iliyofunikwa, akingoja simu.

Saa saba unusu akapiga.

"Umemaliza, mwana wakwa?" Sauti ilikuwa nyembamba, maneno yakijiburuta.

Ndunge hakuwa amewahi kumdanganya mamake jambo kubwa. Akafumba macho.

"Nimemaliza, mwaitu. Nimetoka saa hii."

"Asi! Asante Yesu! Ilikuwa ngumu?"

"Kidogo tu. Sasa kula."

"Wacha kwanza nipigie mama pasta..."

"Hapana, mwaitu. Kula nikiskia."

Kifuniko kikalia. Kisha kijiko, kisha mamake akitafuna muthokoi wa jana, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, pole pole, akisema maharagwe yameiva vizuri kweli, na chumvi imekolea. Machozi yakamtoka Ndunge, naye akayaacha yatoke.

Saa nane karatasi zikaja, bado zina joto la mashine.

"Simu zote nje!" afisa akafoka.

Ndunge akazima yake, akaketi, akaandika namba ya usajili. Mamake sasa alikuwa amekula. Akasoma swali la kwanza mpaka mwisho.