Nguruwe Aliyekuja Kudai Miguu

Jana mchana, wali na maharage yakiwa yameshanilegeza, nililalia meza ya maabara nikaota nguruwe amekuja kudai miguu yake.

Alikuwa nguruwe wangu wa kale, yule niliyepanga kumtangaza saa tisa mbele ya wakubwa wa makumbusho: nguruwe mfupi kuliko wote waliowahi kuishi. Kimo, sentimita kumi na moja. Jina nilishampa, na halikuwa jina la mtu mwingine. Hata tai nilishanunua.

Anaingia kwa tumbo, akijikokota sakafuni.

"Hodi, Ambakisye."

"Karibu. Miguu iko wapi?"

"Hilo ndilo lililonileta."

Ananionyesha jedwali langu. Meno tuliyapata ya nguruwe wote kumi na watatu wa aina yake tuliowafukua, maana jino ni gumu, haliozi upesi. Mifupa ya miguu tuliipata ya wawili tu. Kwa waliobaki, mimi, msomi mzima, nilijaza sifuri, kisha nikaiambia kompyuta itafute wastani wa kimo.

"Bi. Sikudhani alikwambiaje?" anauliza. Bi. Sikudhani ndiye mtunza mifupa wetu, mama aliyeanza kazi hii mimi nikiwa bado nanyonya.

"Alisema kisichopatikana kiandikwe hakijapatikana."

"Na wewe?"

"Nikaona mambo yake ya kizamani."

Nguruwe ananitazama kwa huruma. Aibu inanishika mpaka masikioni.

Mara maabara imekuwa korongo, nami nimezikwa humo miaka laki nane. Nguruwe wawili waliovaa kofia za jua wananifukua kwa brashi. Wamepata jino langu moja, lile lililozibwa.

"Andika," anasema mkubwa wao. "Jino, moja. Miguu, sifuri. Mke, sifuri."

"Mke ninaye," nasema. "Muulizeni Mama Tumpe."

"Hatujamwona. Akili?"

"Mmeitafuta?"

"Kidogo, kabla ya chai. Andika sifuri."

"Jamani, andikeni haijapatikana." Hapo nalia, tena kilio cha kweli, makamasi na yote. "Kutoonekana siyo kutokuwepo."

"Maneno mazuri hayo. Nani kakufundisha?"

"Bi. Sikudhani," nasema, na nikahisi mkono wake begani.

"Mwanangu, amka. Saa tisa kasorobo. Mbona unalia?"

"Nisamehe, mama. Zile sifuri zangu."

"Nilijua zitakuliza tu," akasema, akaenda zake kutafuta kiti cha mbele.

Nikazifuta, moja baada ya nyingine, zote kumi na moja. Nguruwe akasimama: sentimita sabini na moja na nusu, kimo cha nguruwe yeyote unayemjua. Jina langu likafa hapo hapo. Iliniuma, sifichi. Nikavua tai.

Chini ya jedwali, baada ya mstari wa kumi na tatu, palikuwa na mstari ambao sikuuandika mimi. Jino, moja, limezibwa. Miguu, sifuri. Mke, sifuri. Akili, sifuri.

Miguu niliiona chini ya meza, nikasahihisha. Kuhusu mke nilipiga simu kwanza. Mama Tumpe akapokea, akataka nirudi na mkate. Kwenye akili nikaandika haijapatikana, nikaenda kikaoni.