Watalii Waliozaliwa Messina

"Nakwambia ile ni roshani yetu—"

"Na mimi nakwambia sitaki kujua ile ni nini—"

"—ile yenye shuka la bluu, hebu tazama, wifi yako Nunziata kalianika shuka langu kichwa chini miguu juu—"

"—shuka lina kichwa? Funga pazia, Letterio, mimi niko likizo!"

Hapo ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, ghorofa ya kumi na moja ya meli kubwa kuliko mtaa wao mzima. Letterio Cucinotta amesimama nje na bukta yake ya kulalia, ananyoosha kidole. Mkewe Placida amejifunika shuka mpaka puani. Na mbele yao, ukiangalia kwa juu kama sahani mezani, ni Messina: mji walikozaliwa, wakabatizwa, wakaoana, na kukaa miaka arobaini na moja ghorofa ya nne karibu na soko.

Msiniulize ilikuwaje. Watoto wao wawili waliwakatia tiketi kwa ajili ya kumbukumbu ya ndoa yao. Wakaangalia picha ya meli. Wakaona Genova, Marseille, Barcelona, Malta, wakapiga makofi. Mstari wa Alhamisi hakuna aliyeusoma. Wakapanda treni kwenda kulipandia limeli huko Genova, mwisho kabisa wa nchi, ili siku ya tano lije liwateremshe dakika kumi kutoka mlangoni kwao.

Letterio kwake ilikuwa zawadi kutoka mbinguni. Tayari alishavaa viatu.

"Tunashuka, tunamsalimia mama, tunakula, tunarudi. Meli inaondoka saa kumi na moja jioni. Kuna ubaya gani?"

"Nikimsalimia mama yako, ataniuliza chumvi iko wapi," akasema Placida kutoka ndani ya shuka. "Nikimwambia chumvi iko wapi, ataniambia hebu tia wewe, wewe ndiye unajua. Nikitia chumvi, Letterio, nimepika."

Hapo ndipo penyewe. Placida alikuwa ameapa. Jumapili hadi Jumapili, hagusi sufuria. Na Alhamisi, kwa ukoo wa Cucinotta, ni siku ya kula kwa Placida: mama mkwe, wifi yake Nunziata na mumewe na wanawe, na yeyote atakayepita ngazini akasikia harufu. Watu kumi na mmoja, kila Alhamisi, miaka arobaini na moja. Alikosa mara mbili tu, zote akiwa wodi ya wazazi, na ile ya pili alielekeza mapishi kwa simu huku mtoto ananyonya.

Sasa, kuhusu hiyo meli. Ukimuuliza Letterio, ni gereza lenye mataa. Huyu mtu kafanya kazi miaka thelathini na nne kwenye kivuko cha hapa mlangobahari, dakika ishirini kwenda, dakika ishirini kurudi, na kwenye kila baa ya mji huu anajiita baharia. Usiku mmoja baharini hajawahi kulala. Jumapili, kwenye mazoezi ya kuvaa majaketi ya kujiokolea, akamkosoa afisa mbele ya watu mia tatu, kisha akalivaa lake nyuma mbele. Jioni hiyo hiyo alipotea kwenye korido, akaingia chumba kisicho chake, akakaa kitandani, akavua viatu na soksi, akamwambia mtu aliyekuwa bafuni, "Placida, wamekupa sabuni ngapi?" Akatoka Mjerumani na povu la ndevu. Mstaarabu kweli, alimsaidia kutafuta soksi.

Kahawa ya melini wanaitia kwenye kikombe cha karatasi. Tambi wanazichemsha mpaka zinaomba msamaha. Na watu elfu nne wote wale, hakuna hata mmoja wa kubishana naye mpira.

Placida naye ana yake. Siku ya kwanza alitandika kitanda, akapiga deki bafuni, akasugua na kioo, ndipo akaja mhudumu wa chumba, Ketut, mtu wa Bali, akasimama mlangoni na ufagio wake akauliza kwa adabu kama amemkosea mama jambo gani. Siku ya tatu ndiyo Placida alithubutu kuacha kitanda hakijatandikwa. Akasimama anakitazama, moyo unamdunda kama kaiba benki. Aliporudi, kitanda kimenyooka, na juu yake taulo limekunjwa likawa bata. Hakukubali likunjuliwe. Mpaka Alhamisi walikuwa na bata wawili mezani, na Letterio anajifutia fulana zake.

Lakini kilichomshika Placida hasa ni mezani. Jumatatu kijana wa kuhudumia alimvutia kiti, akainama, akamuuliza: "Na mama, yeye angependa kula nini?" Placida akaishika ile karatasi ya vyakula dakika kumi nzima. Letterio akadhani hajavaa miwani. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Niletee kama cha huyu." Jumanne vilevile. Jumatano akaiweka karatasi chini, akamtazama kijana machoni: "Bata, tafadhali. Na viazi visiwe vingi." Halafu akala taratibu, na mumewe akimsemesha anainua mkono, ngoja kwanza.

Basi asubuhi ile Letterio kashavaa kofia, na Placida akakaa kitandani ghafla.

"Sawa. Tunashuka."

"Ndiyo mke wangu huyo!"

"Tunashuka na basi." Akatoa stika mbili za kijani kwenye mkoba, namba kumi na nne, akambandika moja kifuani, pap, kama anampiga. "Nilishinda jana kwenye mchezo wa bingo wewe ukiwa umesinzia. Ziara ya Messina na Siri Zake. Watu hawatoki kwenye kundi mpaka mwisho. Mama wa bingo alisema."

"Placida. Siri gani? Mimi ndiyo nimeishi humo!"

"Basi utasikia kama wamezipata zote."

Sasa mfikirie Letterio ndani ya basi lenye kiyoyozi, anapita mbele ya duka la kinyozi wake huku amejiinamisha kama mwizi. Kiongozi wao alikuwa binti mmoja, Mirella, kashika kibao cha kijani juu ya fimbo. Msichana mzuri, mchangamfu, kosa lake moja tu: ni wa Catania, mji jirani tunaoshindana nao tangu zamani. Mtu wa Catania anamweleza mtu wa Messina habari za Messina! Letterio alivumilia mpaka kona ya pili.

"Siyo hivyo, dada."

"Samahani, mzee?"

"Hiyo chemchemi haikuwa hapo. Iligeuzwa. Ilikuwa inatazama mji."

"Mzee anaujua mji! Mnatoka wapi?"

Letterio akafungua mdomo. Placida akamkanyaga. "Torino," akasema.

Loo. Kwenye kiti cha mbele yao akageuka bwana mmoja mwenye skafu, uso umemchanua. "Torino! Na sisi pia! Mtaa gani?"

"Ule mrefu," akasema Placida, akageukia dirishani kutazama duka la viatu alilonunulia viatu vya harusi.

Mimi, jirani yao, nilikuwa nimekaa nje ya baa ya uwanja wa kanisa kuu, na barafu yangu ya kahawa na krimu, wakati kundi la stika za kijani, wengi wao Wajerumani, lilipomwagika kutoka kwenye basi. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana. Saa sita, juu ya mnara wa saa, simba wa dhahabu wa mitambo anatikisa bendera na kunguruma, na watalii wote wanasimama wameinua simu. Sisi wa hapa tunapita katikati yao na mikate yetu, hakuna anayeangalia juu. Nikaona mgongo ninaoujua. Nikaona kofia ninayoijua. Nikasema haiwezekani.

Nikawasogelea, nikavua kofia, na kwa Kijerumani changu cha kuokoteza nikawauliza kama bwana na bibi wangependa kupigwa picha.

"Nakujua wewe, mwehu," Placida akanisemesha bila kusogeza midomo. "Nitamwambia mama yako. Potea."

"Karibuni Messina," nikasema, nikainama mpaka chini. "Watu wa hapa ni wakarimu sana."

Letterio akanitazama kwa macho ya mtu anayezama. Ningemwokoa, naapa. Lakini Tindaro muuza mboga aliniwahi. Tindaro sauti yake inasikika ng'ambo ya bahari, na alikuwa anapita na mkokoteni wake.

"Mama Placida! Karibu nyumbani! Nunziata kachukua viazi kilo tatu na zeituni, anasema leo ng'onda anapika Placida mwenyewe! Letterio si alipiga simu juzi? Na mimi nimealikwa!"



Placida akageuka taratibu. "Ulipiga simu."

"Nilisema labda," Letterio akanong'ona. "Nilisema tu, labda, Alhamisi, kama itatokea—"

"Kutoka Barcelona. Ulisema unaenda kutafuta choo."

"Choo nilienda pia!"

"Watu kumi na mmoja, Letterio."

"Kumi na wawili," akasema Tindaro.

"Tindaro, ondoka na mkokoteni wako." Tindaro akasogea hatua mbili, masikio yakabaki. Placida akaishika stika kifuani kwake kama anaogopa itapeperuka, na sauti yake ikashuka, tena ikashuka, ambayo kwa Placida ni mbaya zaidi kuliko kupanda.

"Niulize ninapenda kula nini."

"Nini?"

"Niulize."

"Placida, watu wanatutazama."

"Yule mtoto wa mezani simjui, hanijui, ananiuliza kila siku, mchana na jioni. Wewe miaka arobaini na moja. Niulize."

Letterio akakuna shingo. Aliangalia kanisa, akaniangalia mimi, hakupata msaada. "Mimi nilidhani unapika unachopenda," akasema, na kwa kweli alimaanisha, usoni alikuwa kama mtu aliyeambiwa mlango wa nyumba yake siku zote ulikuwa upande wa pili. "Ng'onda, si unapenda?"

"Sipendi ng'onda."

"Hupendi..."

"Inanuka nyumba nzima siku tatu. Nimekula kwa sababu ukishapikia watu kumi na mmoja huwezi kujipikia kingine. Nimebakiwa na siku tatu, Letterio. Leo, kesho na kesho kutwa. Jumapili nitarudi na nitapika, sina shida. Lakini nikipanda zile ngazi leo, hizo siku tatu zimekwisha, na sitazipata tena mpaka nife."

Yule bwana wa Torino akajikohoza kidogo. "Samahanini. Ninyi ni wa Torino kweli?"

"Wa mtaa mrefu," nikamjibu mimi.

Letterio alikuwa bado anaitafuna ile habari ya ng'onda. Nikamwona anainua mkono, anataka kumshika mkewe bega, na sijui angesema nini, labda angesema neno la maana kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, maana wakati huo huo kule juu simba alianza kunguruma. Wajerumani wakainua simu. Mirella akapaza sauti kuhusu uzito wa simba. Na katikati ya kundi, akisukuma watu kwa viwiko, akaingia Nunziata.

Nunziata Cucinotta, dada yake Letterio, miaka sitini na sita, na aproni, na nyanya mpaka kwenye kiwiko, na kijiko cha mbao mkononi ambacho nadhani alikisahau kukiacha. Ndevu za kidevuni zimesimama. Siku nne hizo wifi yake akiwa melini alikuwa amepikia nyumba mbili, ya kwake na ya mama yao, na ilionekana.

"Dada yangu!" Letterio akafungua mikono yote miwili. Hajawahi kufurahi vile kumwona. "Umekuja kutuchukua!"

Placida hakusogea. Akaikamata fimbo ya kibao cha kijani, akaikamata pamoja na mkono wa Mirella, wala hakuonyesha dalili ya kuachia. "Wifi," akasema, "leo mimi ni mtalii."

"Maji yanachemka nusu saa sasa," akasema Nunziata, anahema.

"Nimesema mimi mtalii."

"Nimesikia. Mtaa mzima umesikia."

Akamtazama wifi yake tangu viatu mpaka nywele. Akatazama stika. Akawatazama Wajerumani wamekodolea mnara, midomo wazi, hakuna anayewaita, hakuna anayewauliza kitu. Simba akanguruma mara ya tatu, na Nunziata, ambaye amepita uwanja ule kila siku ya maisha yake, akainua kichwa akamwangalia mpaka aliponyamaza.

Kisha akampita kaka yake, mikono ya yule bado imefunguka, akasimama mbele ya Mirella, na akaficha kijiko nyuma ya mgongo.

"Dada," akasema, kwa adabu ambayo sijawahi kuisikia kwake, "kwenye basi lenu kimebaki kiti? Hata cha pale mlangoni. Sisumbui. Nikae tu, nipelekwe, mtu anielezee vitu."